Mama Aliyetunga Programu za Kompyuta Kwenye Meza ya Kulia Chakula

Ukurasa huu kwa kawaida huzungumza habari za jiko, za watoto na za mshono. Leo twawaomba radhi wasomaji wetu, maana tutazungumza habari za kompyuta. Lakini msomaji asiharakishe kufunua ukurasa unaofuata, kwani sehemu kubwa ya kazi tutakayoieleza ilifanyika nyumbani, mezani, baina ya sahani na nepi za mtoto.

Mwaka 1962, katika nyumba ndogo karibu na mji wa Chesham nchini Uingereza, mwanamke mmoja ambaye alikuwa hajatimiza miaka thelathini aliketi akiandika barua kwa wakurugenzi wa makampuni makubwa. Aliwaeleza kwamba ameanzisha kampuni ya kutunga programu za kompyuta na kwamba yu tayari kuwatumikia. Chini ya kila barua alitia sahihi ya jina lake kamili, Stephanie Shirley. Barua zilikwenda, siku zikapita, majibu hayakuja. Ndipo mumewe, Derek, aliyekuwa mtaalamu wa fizikia, alipomshauri atumie lile jina la mkato aliloitwa nyumbani, yaani Steve, ambalo kwa Waingereza ni jina la kiume. Barua zenye maneno yale yale zikaanza kujibiwa. Wakurugenzi wakakubali kuonana na Bwana Steve Shirley, na kabla hawajatambua kuwa bwana huyo ni bibi, alikuwa amekwisha ingia mlangoni na kuwapa mkono.

Kisa hicho cha jina ndicho wanachopenda kukisimulia watu wengi. Sisi wa ukurasa wa nyumbani twaona kwamba jambo kubwa zaidi ni ile meza aliyoandikia, na sababu iliyomfanya aiache ofisi na kuirudia.

Mama huyu hakuzaliwa Mwingereza. Alizaliwa Dortmund, Ujerumani, mwaka 1933, jina lake Vera Buchthal. Baba yake alikuwa hakimu na alikuwa Myahudi. Utawala wa Hitler ulipoingia alinyang'anywa kazi yake, na jamaa ikahamia Austria. Hatari ilipowafuata huko pia, wazazi wakafanya jambo ambalo mzazi yeyote atalielewa na kuliogopa. Mwezi Julai 1939, wiki chache tu kabla ya vita, waliwapandisha watoto wao wawili kwenye treni ya kwenda London: Vera, mwenye umri wa miaka mitano, na dada yake Renate, mwenye miaka tisa. Treni hizo za watoto ziliwaokoa watoto wapatao 10,000. Vera akapokewa na mume na mke wa makamo katika majimbo ya kati ya Uingereza, watu asiopata kuwaona kabla ya siku ile, nao wakamlea kama mwana wao. Wazazi wake waliomzaa walinusurika, naye akaonana nao tena. Ila mwenyewe alikiri baadaye kwamba lile fundo lililokatika stesheni halikuungwa tena sawasawa.

Shuleni alipenda hesabu. Shule yake ya wasichana haikuwa na mwalimu wa kumfikisha alikotaka, hivyo ikambidi aende kusoma hesabu katika shule ya wavulana. Alipotimiza miaka kumi na minane akapewa uraia wa Uingereza, akajichagulia jina jipya la Stephanie Brook. Hakwenda Chuo Kikuu, bali mwaka 1951 aliingia kazini katika kituo cha utafiti cha Posta huko Dollis Hill, pembezoni mwa London. Kwa miaka sita alifanya kazi mchana na kusoma jioni, hadi mwaka 1956 alipotunukiwa shahada ya hesabu.

Inafaa tukae kidogo hapo Dollis Hill, maana palikuwa mahali pa ajabu. Posta ya Uingereza wakati huo ndiyo iliyosimamia karibu simu zote za nchi, na wahandisi wake walikuwa miongoni mwa mafundi hodari wa umeme duniani. Mmoja wao, Tommy Flowers, alikuwa ameunda wakati wa vita mashine iliyoitwa Colossus, yenye valvu zaidi ya elfu moja, yaani vichupa vya kioo mfano wa balbu za taa, iliyosaidia kuzifumbua barua za siri za majeshi ya Ujerumani. Jambo hilo lilifichwa hadi miaka ya 1970. Basi yule binti aliyekimbizwa kutoka mikononi mwa Wanazi akawa anafanya kazi katika jumba lile lile, chini ya fundi yule yule, pasipo kujua alichokifanya fundi huyo katika vita. Stephanie alijifunza kuunda mitambo kwa mikono yake na kuiandikia maagizo kwa tarakimu tupu. Alikuwa miongoni mwa waliofanya kazi juu ya mashine ERNIE, iliyoanza mwaka 1957 kuchagua kwa bahati nasibu washindi wa hati za akiba za serikali. Kadhalika alishiriki katika majaribio ya simu za kielektroniki.

Huenda msomaji akauliza: hiyo programu ni kitu gani hasa? Tuchukue mfano wa jikoni. Mama anayemtuma binti yake apike ugali humwambia maneno mawili tu, «songa ugali», na binti hufanya, kwa sababu amemwona mama yake akisonga tangu utotoni. Sasa fikiri kwamba jikoni kuna mpishi mwenye nguvu za ajabu na mwendo wa haraka kupita kiasi, lakini hajapata kuona moto, wala sufuria, wala unga. Huyo hapana budi aambiwe kila kitu kwa utaratibu: washa moto, pima maji, yamimine sufuriani, weka sufuria motoni, ngoja, tazama kama yamechemka, yakiwa bado, rudi nyuma ukangoje tena, yakiwa yamechemka, funua kifuniko. Ukisahau kumwambia afunue kifuniko, ataumwaga unga juu ya kifuniko na kuendelea kukoroga hewa hadi kesho, wala hatakuuliza neno. Kompyuta ndiyo mpishi huyo, na programu ni orodha ya maagizo yake. Ufundi wa mtunga programu ni kukumbuka kifuniko.

Tazama basi, kazi hiyo ya kukumbuka yahitaji nini? Zama zile kompyuta yenyewe ilijaza chumba kizima na bei yake haikuwa ya mtu binafsi. Lakini maagizo yalitungwa kwanza kwa kalamu ya risasi juu ya karatasi, mbali na mashine. Yalihitaji akili iliyotulia, meza, na saa chache za ukimya. Karatasi zikikamilika zilipelekwa kwa watu wa kutoboa kadi, na kadi zile zenye matundu ndizo zilizolishwa mashine. Hivyo mtu aweza kuwa fundi wa kompyuta na asiione kompyuta kwa majuma mawili. Wanaume waliokuwa na ofisi nzuri hawakuhitaji kulifikiri jambo hilo. Aliyelifikiri ni yule ambaye ofisi ilikuwa imemchosha.

Mwaka 1959 Stephanie aliolewa na Bwana Shirley, akahamia kampuni ya watengenezaji wa kompyuta iliyounda mashine ya ICT 1301. Kazi aliipenda. Lakini siku moja katika mkutano alitoa shauri juu ya jambo la biashara, akaambiwa kwamba hilo halimhusu, yeye ni wa ufundi tu. Akaona kwamba dari imefika kichwani. Tukumbuke pia hali ya wanawake wa Uingereza wa siku zile, ambayo wengi wetu hudhani ilikuwa ya raha. Mama Shirley amesimulia kwamba hata akaunti ya benki hakuweza kuifungua pasipo ruhusa ya mumewe. Mwanamke aliyesoma alitazamiwa aache kazi akipata mtoto wa kwanza, na shahada yake ikaenda kabatini pamoja na shela ya arusi. Kwa hiyo walikuwako nchi nzima akina mama waliofundishwa kutunga programu kwa gharama kubwa, wameketi nyumbani, na ujuzi wao unaota kutu. Kwa upande mwingine makampuni yalilia kwamba hayapati watunga programu.

Stephanie akaunganisha mambo hayo mawili. Kwa mtaji wa pauni 6 akaanzisha kampuni aliyoiita Freelance Programmers, maana yake watunga programu wasioajiriwa na mtu. Watu walimcheka kwa sababu mbili. Ya kwanza, wakati huo programu haikuuzwa. Ilitolewa bure pamoja na mashine, kama mwenye duka anavyokufungia bidhaa katika gazeti. Ya pili, nani aliyesikia habari ya kiwanda ambacho wafanyakazi wake wote wamo majumbani mwao? Yeye akawatafuta akina mama, na moja katika masharti yake ya kwanza lilikuwa kwamba mwombaji awe na simu ya kutumia. Saa za kazi mama alijipangia mwenyewe: mtoto akilala, yeye aandika, mtoto akiamka, kalamu yawekwa chini. Bei ya kazi ilipatanwa mapema na mteja, hivyo mteja hakuwa na haki ya kuuliza kama imeandikwa saa tatu asubuhi au saa sita za usiku.

Hata hivyo wateja hawakuambiwa yote. Mtoto wake mwenyewe, Giles, alizaliwa mwaka 1963, na mtoto mchanga hajui kwamba mama yake anazungumza na mkurugenzi. Basi Mama Shirley akanasa katika utepe sauti ya mashine ya kupiga chapa. Simu ilipolia, aliufungulia utepe ule ili aliye upande wa pili asikie mlio wa ofisi yenye shughuli nyingi, wala asisikie kilio cha mtoto. Wako watakaosema kwamba huo ni udanganyifu. Mwandishi wa safu hii hakuona udanganyifu mkubwa hapo. Programu zilizouzwa zilikuwa za kweli, na zilifanya kazi. Kilichofichwa ni mtoto, na aliyelazimisha afichwe ni yule mteja ambaye angelisikia kilio kimoja tu, angeliamini kwamba hesabu zimekosewa. Mama yeyote anayeshona kwa malipo barazani mwake amekwisha kumwona mteja wa namna hiyo: gauni ni lile lile, mishono ni ile ile, lakini akimkuta fundi anampakata mtoto, hutaka kupunguziwa bei.

Kazi zilikuja. Akina mama hao walitunga programu za kupanga ratiba za treni za mizigo na za mabasi, na za kuhesabu bidhaa ghalani. Kubwa iliyowapa sifa ni ile ya ndege ya Concorde, iliyokuwa ikiundwa na Waingereza na Wafaransa ili iende kasi kuliko sauti. Kila ndege kubwa hubeba chombo kinachonakili mwenendo wake angani, watu hukiita kisanduku cheusi. Programu ya kuzichambua habari za kisanduku hicho cha Concorde ilitungwa na wanawake wa kampuni hii majumbani mwao. Kiongozi wa kikundi hicho alikuwa Ann Moffatt. Ipo picha yake ya mwaka 1966, nasi twaona yafaa zaidi kuliko maelezo marefu: Bibi Moffatt ameketi mezani, kalamu mkononi, karatasi za Concorde mbele yake, na kando yake mtoto mchanga.

Msomaji asidhani kwamba mambo yalikwenda kwa huruma tu. Watu wanaofanya kazi mbali mbali, kila mmoja jikoni kwake, hawawezi kuinuka na kumwuliza jirani maana ya mstari fulani. Ikabidi kampuni iweke kanuni kali za jinsi ya kuandika, jinsi ya kueleza kilichoandikwa, na jinsi ya kukikagua, ili mama mmoja akiugua au akijifungua, mwingine aichukue kazi palipoishia. Kanuni hizo zikaja kuwa na sifa kuliko hata programu zenyewe. Kwa maoni yetu hapa ndipo ilipokuwa siri ya mafanikio yake, wala si katika jina la Steve. Jina lilimfungulia mlango mara moja. Kanuni ndizo zilizomfanya mteja arudi.

Sasa turudi kwa yule mtoto aliyefichwa nyuma ya mlio wa mashine. Giles alikuwa mtoto mzuri na mtulivu. Alipofika umri wa miaka miwili na nusu, maneno machache aliyokuwa ameyajua yakampotea, asiseme tena maisha yake yote. Akawa mtoto wa kupiga kelele na kujirusha, asiyetulizika. Ikajulikana kwamba ana usonji wa hali ya juu. Katika miaka ile walikuwako wataalamu waliofundisha kwamba usonji huletwa na mama mwenye moyo baridi asiyempenda mwanawe. Fundisho hilo limekwisha kukataliwa kabisa na sayansi, na hatuna neno la adabu la kulieleza. Mfikirie basi mama huyu: ana kampuni, ana wafanyakazi wanaomtegemea, ana mtoto asiyelala, na ulimwengu unamwambia kwamba kosa ni lake.

Meza ile ya nyumbani, ambayo tumeisifu tangu mwanzo, haikumwokoa na jambo hilo. Wengine wakisoma habari zake hudhani kwamba kufanya kazi nyumbani humpa mama vyote viwili, kazi na mtoto, bila kupoteza kitu. Haikuwa hivyo. Mama Shirley na mumewe walipokezana zamu kwa miaka, na yeye amesema kwamba kazi ilikuwa mahali pake pa kupumzikia na huzuni. Giles alipoukaribia ujana akapata na kifafa pia, akawa na nguvu za mtu mzima. Katikati ya miaka ya 1970 nguvu za mama zikaisha. Akaugua kwa kuchoka akili na akalazwa. Giles naye akapelekwa katika hospitali ya watu wenye ulemavu wa akili, akakaa humo miaka mingi. Wazazi hao hawakupaona kuwa mahali pa kumwacha mtoto, lakini hapakuwa na pengine.

Kampuni iliendelea kukua. Katika wafanyakazi wake 300 wa kwanza, 297 walikuwa wanawake. Mwaka 1975 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kukataza ubaguzi wa kike na kiume katika kazi, na kwa sheria hiyo iliyotungwa kuwasaidia wanawake, kampuni ya wanawake haikuruhusiwa tena kuwapendelea wanawake. Ikawabidi kuwapokea wanaume. Mama Shirley hakuacha kuucheka mzaha huo wa dunia. Majina ya kampuni yalibadilika mara kadhaa, nasi hatuna haja ya kuyafuata yote. Yatosha kusema kwamba ilifikia kuwa na watu zaidi ya 8,500, kwamba mwaka 1996 hisa zake zikaanza kuuzwa katika soko la London, na kwamba kabla ya hapo mwenye mali alikuwa amegawa sehemu kubwa ya hisa zake kwa wafanyakazi. Kati yao 70 wakawa mamilionea. Mwenyewe alistaafu mwaka 1993. Alikuwa pia mwanamke wa kwanza kuongoza chama cha wataalamu wa kompyuta cha Uingereza, na mwaka 2000 akapewa cheo cha Dame, ambacho kwa wanawake ni sawa na kile cha Sir kwa wanaume.

Fedha alizopata alizitoa. Hesabu yake inapita pauni milioni 67. Nyingine zilikwenda Chuo Kikuu cha Oxford, kuanzisha mwaka 2001 idara ya kuchunguza jinsi intaneti inavyobadili maisha ya watu. Nyingi zaidi zilikwenda kwa watu wenye usonji: shule ya Prior's Court iliyofunguliwa mwaka 1999, na shirika la utafiti liitwalo Autistica. Alipoulizwa sababu, alikuwa akirudi daima kwenye ile treni ya mwaka 1939; alisema kwamba watu wasiomjua walimwokoa, na alitaka maisha hayo yaonekane kuwa yalistahili kuokolewa.

Alifariki mwezi Agosti 2025, akiwa na umri wa miaka 91, na rafiki zake walikuwa bado wakimwita Steve.

Lakini tumeruka jambo moja. Kabla ya shule zote hizo, mwaka 1994, alianzisha shirika la Kingwood, ambalo kazi yake ni kuwapatia watu wazima wenye usonji nyumba za kawaida za kuishi, zenye watu wa kuwasaidia, badala ya wodi. Nyumba ya kwanza ilipokuwa tayari, mkazi wake wa kwanza alikuwa Giles. Alikuwa na chumba chake mwenyewe na watu waliomjua. Ndimo alimoishi hadi mwaka 1998, alipofariki usingizini kwa kifafa, akiwa na miaka 35.